Mashine ya kufyonza vumbi: niliyobaki nayo baada ya kukosea mara mbili

Nyumba yetu iko Kigamboni, kando ya barabara ambayo bado haijawekwa lami, na kila gari linalopita hutuachia fungu letu la vumbi. Mchanga wa huku ni mwepesi. Huingia kwa miguu ya watoto, hupenya kwenye nyavu za mbu madirishani, kisha huzama katika zulia la sebuleni na kutulia humo. Kwa sakafu ya marumaru sina malalamiko yoyote juu ya ufagio na dekio, na yeyote ambaye nyumba yake haina zulia wala kochi la kitambaa anaweza kuzitunza fedha zake. Kilichonilazimisha kutafuta mashine ni hilo zulia, magodoro, na mtoto wetu wa pili mwenye pumu, ambaye daktari alituonya tusifagie kwa ufagio mkavu akiwa chumbani, kwa kuwa ufagio huliokota vumbi kubwa na kulirusha hewani lile laini, ambalo ndilo linalomsumbua.

Katika miaka sita nimemiliki mashine tatu. Ya kwanza niliiua mwenyewe, ya pili niliiuza, na ya tatu, ile ya pipa wanayoitumia pia waosha magari, ndiyo iliyobaki, ingawa ndiyo yenye sura mbaya kuliko zote.

Ya kwanza aliniletea shemeji yangu kutoka Marekani, na ilikuwa zawadi ya moyo safi. Umeme wa majumbani kule ni volti 120, wetu ni 230, jambo nililolijua. Nikanunua transfoma ya kupunguza umeme na kuona nimemaliza kazi. Sikusoma kibandiko kilicho chini ya mashine, kilichosema inakula ampia 12, yaani zaidi ya wati 1,400, wakati transfoma yangu ilikuwa ya wati 500, inayotosha redio na mashine ya kunyolea. Dakika ya nne sebule ilinuka plastiki inayoungua. Fundi alipoifungua transfoma alitikisa kichwa tu, na mashine yenyewe ikakaa stoo hadi tulipoigawa. Transfoma inayoweza kuibeba mashine kama ile ni nzito kama tofali na bei yake inakaribia bei ya mashine mpya, hivyo zawadi ya namna hiyo ni heri iombwe kutoka Dubai au Uingereza, ambako volti zinakubaliana na zetu na plagi ni hiyo hiyo ya miguu mitatu bapa. Onyo hilo linawahusu pia wanaonunua mashine zilizotumika zinazoshushwa katika makontena kutoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100: ukiichomeka moja kwa moja katika soketi ya Dar es Salaam, mota italia kwa nguvu kuliko kawaida, kisha itanyamaza moja kwa moja.

Nilipoanza kuzunguka maduka ya Kariakoo kutafuta ya pili, nilikuta kila muuzaji akianza na wati. "Hii ni wati elfu mbili, mama, inavuta mpaka jiwe." Mimi nilivutwa kabla ya jiwe. Wati zinazoandikwa kwa maandishi makubwa ubavuni mwa boksi ni kiasi cha umeme ambao mota inakula, wala si nguvu ya kufyonza. Mashine iliyotengenezwa ovyo inaweza kula umeme mwingi na kuugeuza joto na kelele. Umoja wa Ulaya uliliona hilo na kupiga marufuku uuzaji wa mashine mpya za majumbani zinazozidi wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, kisha ukashusha kikomo hadi wati 900 kuanzia Septemba 2017, na nyumba za huko hazikujaa vumbi kwa sababu hiyo. Ile mashine nyekundu ya Kiingereza yenye uso wa kuchekacheka, Henry, ambayo wahudumu wa usafi wa ofisi nyingi za Uingereza wanaikokota kila jioni, ina mota ya wati 620 tu katika toleo lake linalojulikana zaidi.

Kinachostahili kutazamwa ni vipimo viwili ambavyo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo. Cha kwanza ni nguvu ya mvuto, inayopimwa kwa kilopaskali, na cha pili ni wingi wa hewa inayopita kwa sekunde au kwa dakika. Mvuto hung'oa mchanga uliojikita katika nyuzi za zulia, na hewa ndiyo inayoubeba hadi ndani ya mashine. Kikikosekana kimoja, kingine hakifui dafu. Hata hivyo vipimo hivyo huchukuliwa mashine ikiwa mpya na tupu. Suala hili lilifika mahakamani huko Ulaya: kampuni ya Dyson ilishitaki kwamba vibandiko vya ubora vya Umoja wa Ulaya vilitokana na majaribio ya mashine zisizo na vumbi ndani, na mnamo Novemba 2018 mahakama ikavibatilisha. Mnunuzi wa Kigamboni anahitaji kujua jambo lile lile walilokuwa wakibishania majaji, yaani mashine hii itafyonza namna gani ikiwa imejaa nusu na chujio lake limeanza kuziba.

Ya pili ilinifundisha jibu. Ilikuwa ya kisasa, isiyotumia mfuko, yenye kikombe cha plastiki angavu ambamo vumbi huzungushwa kwa kasi hadi likatengana na hewa. Kwa nywele, makombo na manyoya ya paka ilifanya kazi ya kupendeza, na watoto walipenda kulitazama vumbi likizunguka. Mchanga wetu, hata hivyo, umechanganyika na vumbi laini kama unga wa muhogo, na vumbi hilo halikubali kutengana na hewa kirahisi. Lilipita hadi kwenye chujio la sponji na kuliziba. Baada ya majuma manne mashine ilikuwa ikinguruma vile vile huku brashi ikipita juu ya punje za mchele bila kuzigusa. Kitabu cha maelekezo kilitaka chujio lioshwe kwa maji matupu na kuachwa likauke kwa saa 24. Wakati wa kiangazi hilo lilikuwa jambo jepesi, lakini masika yalipoingia chujio lilikaa siku mbili na bado lilinuka uvundo, na uvundo huo ndio uliopulizwa chumbani mashine ilipowashwa. Kibaya zaidi, kukimwaga kile kikombe kulitoa wingu la vumbi usoni, na mtu mwenye mgonjwa wa pumu ndani ya nyumba anapoliona wingu lile hujiuliza alinunua mashine kwa ajili ya nini.

Kwa nyumba yenye pumu au mzio, mashine bora kwa haki yake ni ile ya mfuko, yenye chujio la daraja la HEPA, yaani linalonasa hata vumbi laini kabisa. Chujio la H13, moja ya madaraja hayo, linazuia asilimia 99.95 ya chembe zilizo ngumu kuliko zote kuzuilika, na mfuko ukijaa unatupwa ukiwa umefungwa, bila mtu kuligusa vumbi. Nilikuwa tayari kuinunua. Niliuliza katika maduka manne, na yote manne yalikuwa na mashine lakini hakuna hata moja lililokuwa na mifuko yake. Muuzaji mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri nishone mfuko wa amerikani. Kitambaa cha namna hiyo kinazuia mchanga, lakini vumbi laini linapenya katika vitundu vyake, linapita kwenye mota, kisha linarudishwa sebuleni likiwa la moto. Anayeweza kuagiza mifuko 20 kwa mkupuo mmoja, au mwenye ndugu anayesafiri mara kwa mara, aichukue aina hii bila kusita. Mimi nilijijua kwamba mfuko wa mwisho ungeniishia mwezi ambao hakuna anayesafiri.

Hivyo nikarudi Kariakoo kwa mara ya tatu, safari hii nikiwa na mchanga wa uwanja wetu ndani ya mfuko wa kaki. Nilimwomba muuzaji anikatie kipande cha zulia, nikaumwaga mchanga juu yake, nikausugua kwa soli ya kiatu hadi ukazama, ndipo nikamwomba awashe. "Mama, umetuhamishia kiwanja?" aliuliza, na vijana wa duka la jirani wakaja kutazama. Mashine mbili nzuri za kubebeka ziliacha weupe unaoonekana katikati ya nyuzi. Ya pipa ilipita mara tatu, na nilipokigeuza kipande cha zulia na kukipiga kwa kiganja, kilidondosha punje chache tu.

Ina ujazo wa lita 15, mota ya wati 1,400, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei niliyoilipia ile ya pili. Mashine za umbo hili hutoka viwanda vingi na hufanana kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo jina la kiwanda lina uzito mdogo kuliko swali la kama duka lina machujio yake rafuni. Niliyachukua mawili ya akiba siku hiyo hiyo. Faida ambayo sikuitegemea ni maji. Ukitoa chujio la karatasi na kuvisha la sponji, mashine inafyonza maji yaliyomwagika, na yakifika juu ndani ya pipa boya dogo huinuka na kuziba njia ili mota isinywe maji. Mvua ya mwezi wa nne ilipoingia kwa dirisha la chumba cha watoto, tulikikausha chumba kwa dakika kumi. Niliwahi pia kusahau kubadilisha, nikafyonza maji chujio la karatasi likiwa mahali pake. Lililainika kama ugali wa jana, nikabaki na la akiba moja.

Kasoro zake si siri. Kelele ni nyingi mno. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alisema, "Mama, hii si ya kufyonza, hii ni ya kusaga," na hakutia chumvi sana. Mpira wake una urefu wa mita moja na nusu, kwa hiyo mtu wa kimo changu huinama kila anapofika chini ya kitanda. Tundu linalotoa hewa limeelekezwa pembeni, na usipolielekeza mlangoni hupeperusha vumbi la upande wa pili wa chumba kabla hujalifikia. Chujio lake halifikii daraja la HEPA, na kwa sababu hiyo mtoto hutoka nje wakati wa kazi, madirisha hufunguliwa, naye hurudi baada ya saa nzima. Magodoro tunayafyonza mara moja kwa mwezi kwa kichwa chembamba, kisha tunayaanika juani. Majivu ya jiko la mkaa hatuyagusi kwa mashine kabisa, hata yakionekana yamepoa, kwani kaa moja lililojificha linatosha kuchoma chujio, na majivu yenyewe huliziba haraka kuliko vumbi lolote.

Juu ya umeme, hofu ya majirani zangu ni kubwa kuliko hesabu yenyewe. Wati 1,400 kwa nusu saa ni uniti 0.7, ukifyonza mara mbili kwa juma, mwezi mzima hauzidi uniti sita na kitu za LUKU. Pasi ya nguo za shule hutushinda mbali.

Zile zisizo na waya nilizijaribu kwa dada yangu anayeishi ghorofa ya tatu huko Upanga. Ni nyepesi, zinafaa ngazi na gari, lakini ukibonyeza kitufe cha nguvu kamili betri huisha ndani ya dakika chache, na betri hiyo huchoka baada ya miaka kadhaa wakati bei ya mpya inauma. Roboti zinazojiendesha zenyewe ni za fleti yenye sakafu tambarare: nyingi hazivuki kizingiti cha zaidi ya sentimita mbili, na mashada ya msala huzinasa. Nyumba yetu ina vizingiti vitano, misala mitatu na viatu visivyohesabika.

Mwaka jana mashine yangu ilianza kutoa cheche za buluu na harufu kali, nikadhani ndiyo mwisho. Fundi alisema kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha, akaweka mpya mbili huku nikinywa chai, na gharama ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kumpelekea kwa teksi. Kwa zile mbili za kwanza hakuna fundi aliyekubali hata kufungua skrubu ya pili.

Jumamosi iliyopita nilifyonza zulia lile, la futi saba kwa kumi, ambalo lilikuwa limefagiliwa jana yake. Nilipolimwaga pipa nyuma ya nyumba niliupima mchanga kwa kopo la maziwa ya unga, ukajaza kopo moja na kubakiza kidogo. Mume wangu, ambaye siku ya kuinunua alisema tumenunua pipa la kelele, alilitazama kopo, akaniuliza kama kichwa kile chembamba kinaingia kwenye viti vya gari lake.