Redio ya mkononi ya kuchaji: taarab, habari na chumvi ya bahari

Redio ninayoizungumzia ni ile ndogo inayojaa kiganja, inayouzwa Darajani na Mlandege, madukani mjini Unguja. Ina antena ya kuvuta, tundu la memori kadi, tundu la flashi, tochi ubavuni na spika moja. Betri yake ni BL-5C, ileile ya simu za Nokia za tochi. Nimeitumia masika nzima na sehemu ya kipupwe. Kwa habari na kwa sauti ya mwimbaji ni chombo kizuri. Kwa taarab ya okestra kamili inahitaji kusaidiwa.

Sababu ni spika, ambayo upana wake ni inchi 2 hivi. Fidla, ganuni na akodiani zinatoka safi, na maneno ya mwimbaji unayashika yote, jambo ambalo kwa taarab ndilo la mwanzo. Linalopotea ni besi. Uzi mnene wa besi ile kubwa ya kusimama hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo namna hii haina nguvu ya kusukuma hewa kiasi hicho. Ukipandisha sauti ili uitafute, kinachokuja ni mkwaruzo, na kava la plastiki nalo linatetemeka. Chukua waya wenye pini ya milimita 3.5, uchomeke kwenye tundu la hedifoni hadi kwenye sabufa. Weka sauti ya redio robo tatu, kisha pandisha kwenye sabufa, si kinyume chake; redio ikisukumwa mpaka mwisho inaingiza mikwaruzo yake mule. Rekodi za kale, kama za Siti binti Saad alizoanza kutia kwenye santuri Bombay mwaka 1928, hazipungukiwi sana, kwani mitambo ya zama zile nayo haikubeba besi nyingi. Hizo naziskiliza vivi hivi kwa spika yake, na naona raha.

Kwenye memori kadi ndiko watu wengi wanakokwama. Redio inasoma kadi iliyofomatiwa FAT32 tu, yaani namna moja ya kupanga faili ndani ya kadi. Kadi za GB 32 kushuka chini huwa tayari ziko hivyo. Za GB 64 huja na exFAT, namna nyengine, na redio itakaa kimya kama haina kitu ndani. Huhitaji kadi kubwa. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula MB 58 kwa saa, kwa hiyo GB 4 inabeba karibu saa 69, na hizo ni nyimbo za robo saa zaidi ya 270. Faili zilizopokewa kwa simu mara nyingi ni m4a au sauti za WhatsApp, na redio inaziruka bila kusema neno. Zigeuze kuwa MP3 kwanza. Jambo jengine, nyimbo hazipigwi kwa mpangilio wa majina, zinapigwa kwa mpangilio ulivyozinakili. Ukitaka ziandamane, futa kadi yote, kisha nakili foleda moja moja kwa zamu. Na ukizima kwa swichi, redio inakumbuka ulipoachia. Betri ikifa yenyewe inaanza wimbo wa kwanza, jambo linaloudhi ukiwa dakika ya 14 ya wimbo mrefu.

Betri iliyokuja ndani usiitegemee. BL-5C ya haki ina mAh 1,000 hivi, kipimo cha chaji inayobeba; ukiona imeandikwa 2,500, hiyo ni rangi tu. Kuijua iliyovimba, ilaze juu ya meza uisukume kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba, itupe. Yenye afya inanipa saa 8 hadi 10 kwa sauti ya nusu. Chaji redio ikiwa imezimwa. Chaja za bei rahisi hutoa kelele ya umeme inayoingia kwenye FM na zaidi kwenye masafa ya kati (AM), na watu hudhani stesheni imeharibika.

Kwenye FM vuta antena yote. Sentimita 75 ni robo ya wimbi la megahezi 100, ndiyo maana ikikatika nusu vituo vya mbali vinapotea. Kwa masafa ya kati antena hiyo haisaidii lolote. Kipokezi ni kijiti kilicho ndani, kwa hiyo zungusha redio yenyewe mpaka sauti isimame. Ndani ya nyumba za Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa ni nene mno, iweke dirishani. Ukivuka kwenda Pemba tafuta vituo upya, usitegemee ulivyovihifadhi Unguja.

Kwa habari, simu inafanya kazi hiyohiyo, ila kusikiliza mtandaoni kwa kilobiti 64 kunakula karibu MB 29 kwa saa, na simu nayo inataka moto. Unguja ilikosa umeme wa gridi kiasi cha miezi 3, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika hali kama ile, chombo kinachokaa siku nzima kwa betri ya simu ndogo kina thamani yake.

Adui wake khasa ni hewa ya chumvi. Vichuma vya betri huota kutu ya kijani. Visugue kwa kifutio cha penseli, umalize kwa pamba yenye spiriti. Kigurudumu cha sauti kikianza kukwaruza, tia tone la spiriti, ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara 20, uiache ikauke kabla ya kuwasha. Kama hutoitumia wiki kadhaa, toa betri.

Ukienda kununua, chukua kadi yako yenye nyimbo unazozijua. Fungua mfuniko, izungushe betri mezani, tia kadi, pandisha sauti mpaka robo tatu, kisha shika kitako cha antena ukitikise taratibu. Kikicheza, omba nyengine, maana skrubu ile ikilegea ndipo inapovunjikia.