IPOA Mombasa: wamenisikiliza vizuri, sasa tatizo ni mashahidi

IPOA, mamlaka huru ya Kenya inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, nawapa nyota nne kati ya tano. Nilimpeleka mdogo wangu, ni mtu wa boda, alipigwa rungu na askari mmoja usiku pale stejini mpaka mkono ukavunjika, kosa lake ni kuuliza anadaiwa mia mbili za nini. Kituo sikitaji. Usiku ule tuliambiwa turudi kesho, lakini niseme ukweli, askari wa zamu ya asubuhi alituandikia OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, bila kunung'unika na akatupa fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha, tukajaziwe na daktari. Polisi wa hivyo wapo, na hawa wabaya wanawaharibia jina kila siku.

IPOA ni bure jamani, hakuna chai wala huhitaji wakili, na kama huwezi kufika unapiga simu au unaandika barua, hata ndugu anaweza kulalamika kwa niaba yako. Dada aliyetupokea alimwacha mdogo wangu aongee mpaka akamaliza ndio akaanza maswali, na maswali yenyewe ni ya mtu anayejua kazi: namba ya begani uliiona? gari lilikuwa na namba gani? rungu alishika mkono upi? taa ya duka ilikuwa inawaka? Hiyo ya taa sikuielewa mpaka aliponiambia kortini wakili wa askari ataanzia hapo hapo, kwamba gizani ulimtambuaje.

Halafu akauliza nani mwingine aliona, hapo tukanyamaza. Stejini walikuwa wengi na mmoja alirekodi video, lakini hakuna anayetaka jina lake liandikwe. Na siwezi kuwaita waoga, wote tunajua ya Josephat Mwendwa, naye alikuwa mtu wa boda, alipigwa risasi na polisi akaenda IPOA kulalamika, na Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko yeye na wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakauawa. Polisi watatu na mtoa habari wao walipatikana na hatia Julai 2022. Miaka sita!

Ndio maana nyota moja nimeinyima. IPOA wanachunguza tu, kushtaki ni kazi ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka ya umma, kwa hiyo faili inazunguka ofisi hadi ofisi, na tangu sheria yao ya 2011 malalamiko yamekuwa maelfu kwa maelfu huku waliofungwa ni wachache mno, na mwananchi akiona hivyo anasema bora nikae kimya. Serikali inayo idara ya kulinda mashahidi, hiyo ingetangazwa mitaani kama wanavyotangaza mikutano ya siasa, maana pale stejini hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia.

Kama una video ya askari akipiga mtu, usiikate wala kuiwekea muziki ukaitupa TikTok ukadhani umemaliza, weka ile ya kwanza kama ilivyo kwenye simu, andika saa na mahali, uwapelekee. Na wewe uliyerekodi ya mdogo wangu, tunakujua na hatukulazimishi, lakini ukiwa tayari tutakwenda pamoja, nauli juu yangu.