Pweza kama ndara: jioni ya shilingi 6,490 Malindi

Shangazi yangu alimpikia Mtaliano mmoja hapa Malindi kwa miaka kumi na tisa. Nalitanguliza hilo mjue nilikwenda na nani. Juzi nililipwa pesa za kazi zilizokuwa zimekwama tangu Machi, nikamwambia leo hupiki, leo unapikiwa. Akavaa buibui lake jipya, akajitia na udi.

Jina la mkahawa nitaliacha, kwa sababu mji huu ni mdogo na kijana aliyetuhudumia hakuwa na kosa lolote. Ni ule mtindo wa siku hizi: paa la makuti, viti vya mbao vya rangi ya buluu, ubao wa chaki mlangoni, upepo wa bahari bure. Menyu inaanzia Lebanon, inapitia Ugiriki, inateremkia Italia. Tuliagiza hummus, saladi ya Kigiriki, pweza wa kuchoma wa shangazi, na mimi spaghetti ya vyakula vya baharini. Baada ya hapo tukangoja dakika hamsini. Meza zilizokuwa na watu, pamoja na yetu, zilikuwa tatu.

Hummus ilitangulia. Ni chakula cha vitu vichache tu: dengu zilizochemshwa mpaka zikalainika, ufuta uliosagwa, limau, kitunguu saumu, na mafuta ya zeituni juu. Yetu ilitoka kwenye friji moja kwa moja mpaka mezani. Juu ilikuwa imefanya utando mkavu wenye nyufa, kama tope la Sabaki mto ukishapungua. Lazima uuvunje kwanza kwa mkate ndipo uifikie hummus. Chini yake ni baridi tupu na ule ukali wa kitunguu saumu kilicholala. Mkate wa pita ulikuwa umepashwa kwenye maikrowevu, na mkate wa namna hiyo mnajua mambo yake: dakika mbili laini, ya tatu ngozi ya ngoma.

Saladi sina neno nayo. Nyanya mbivu, tango lililokatwa wakati ule ule, jibini ya feta ya kutosha. Hiyo tuliimaliza.

Tatizo nimelifikiria sana tangu siku ile. Sisi wa pwani tumezoea chakula chenye sitara. Samaki akilala siku moja, ukwaju, nazi na pilipili vitamsitiri, na wageni watakusifu. Chakula cha Mediterania hakina pa kujificha: ni samaki, chumvi, limau na mafuta. Samaki akiwa mbovu au moto ukikosewa, kila mtu mezani anajua. Sasa ukifungua mkahawa wa chakula cha aina hiyo, tena mbele ya bahari, halafu ukapika kwa kubahatisha, unategemea nini?

Basi pweza akaja. Mikono miwili imejikunja juu ya viazi, imepigwa mistari myeusi ya wavu wa kuchomea, inapendeza hata kupiga picha. Shangazi akakata, kisu kikateleza. Akakata tena. Kile kipande alichofanikiwa kukitia mdomoni alikitafuna huku ananitazama, akatafuna, mimi nikamaliza kusimulia habari ya mtoto wa jirani na yeye bado anatafuna. Akakitoa taratibu kwenye kitambaa.

"Mwanangu," akamwita kijana, "huyu mumemchemsha?"

"Amechomwa, Mama."

"Nauliza kabla ya kuchomwa."

Kijana akatabasamu kwa haya, akaangalia jikoni. Baadaye alituambia mpishi mwenyewe amekwenda kwao, msimu wa kusi wageni ni wachache, anayepika ni aliyekuwa akikata mboga.

Pweza ana mila yake. Hupigwa kwenye mwamba mpaka nyama ivunjike, kisha huchemshwa kwa moto mdogo, muda wa kutosha, wengine hutia kipande cha papai bichi. Makaani hukaa dakika chache tu, apate harufu ya moshi. Hata kumgandisha kwenye barafu humlainisha. "Huyu," shangazi akasema, "hakupata jiwe, hakupata moto, na barafu nadhani aliipitia mbali." Mimi nilionja. Ndara.

Meneja alikuja akasema ni kusi, bahari imechafuka, vitu vizuri havipatikani. Ingekuwa nguru ningemwelewa. Lakini pweza hafuatwi na mashua peke yake; maji yakitoka watu huenda kwa miguu mwambani wakamtoa pangoni. Na wiki ile ilikuwa bamvua, maji hutoka mbali kabisa. Shangazi alimwambia asubuhi ile ile kina mama wa Mayungu wamepita kwetu na ndoo. Meneja akasema atalifuatilia.

Spaghetti yangu sasa. Kulikuwa na pete za ngisi, kamba watatu wadogo, na vile vijiti vyekundu vya kaa wa bandia, samaki aliyesagwa akapakwa rangi. Malindi! Nilivitenga pembeni ya sahani nikavihesabu: saba. Tambi zenyewe zilikuwa zimeiva zikapitiliza, uma ukizigusa zinakatika. Wataliano wako huku tangu enzi za Ngomeni, ambako setilaiti yao ya San Marco ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na nusu ya vijana wa mji huu wanajua kwamba spaghetti hutolewa motoni ingali na ugumu kidogo katikati. Shangazi alionja uzi mmoja. "Hizi ni tambi za Idi," akasema, "wamesahau sukari na iliki."

Kwa nia ya kutupoza, meneja akarudi na viglasi viwili vya limoncello, ile pombe ya Kitaliano ya malimau, zawadi ya mkahawa. Aliviweka mbele ya mwanamke wa makamo aliyevaa buibui. Shangazi akauliza ni juisi ya nini. Meneja akafungua mdomo, akaufunga, akaviondoa. Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Risiti: hummus 650, saladi 850, pweza 1,900, spaghetti 1,600, juisi mbili 700, maji 200. Jumla 5,900, kisha asilimia kumi ya huduma ambayo menyu haikuitaja popote, ikawa 6,490. Niliomba pweza aondolewe kwa kuwa aliliwa kipande kimoja, tena nacho kilirudi. Wakakataa. Nikalipa kwa M-Pesa, kijana nikampa mia mbili yake mkononi.

Ukitaka kwenda pale, nenda saa kumi jioni unywe juisi ya limau na nanaa, shilingi 350, ni nzuri kweli, na ukae upande wa bahari. Sisi tulitoka na njaa tukachukua tuktuk mpaka kwa mama wa viazi karai, tukala vya shilingi mia kwa chatne ya ukwaju, tumesimama. Shangazi akaagiza tena.