Tahadhari kwa wenye gari za chini Dar: usimwachie muuzaji springi zako za kiwandani

Wakuu, kuna muuzaji wa springi na shokapu za kushushia gari (kufanya bodi ikae karibu na ardhi) hapa Dar anaendelea kuliza watu. Wengi wanaolizwa ni vijana wa Altezza, Mark X na IST ambao ndiyo kwanza wanaingia kwenye mambo haya. Jina siweki, maana halitakusaidia: ukurasa wake wa Instagram umeshabadilishwa jina, namba anabadilisha, na picha nyingine amezichota kwa wauzaji wa nje. Mtindo wake ndio haujabadilika, kwa hiyo nitaueleza huo.

Tangazo linakuja hivi. Seti nzima, springi nne za kijani zenye maandishi ya Tein (kampuni ya Japani), na shokapu nne zinazong'aa. "Zimeshuka na kontena juzi, kaka, orijino Japani." Bei ni chini ya nusu ya utakayotajiwa dukani. Kufunga bure. Halafu ndoano yenyewe: ukimwachia springi na shokapu zako za zamani, anakupunguzia laki na nusu nyingine. Kijana amepanga chumba kimoja, vyuma vikuukuu vyenye grisi ataviweka wapi? Anakubali, tena anashukuru.

Hizo za kwako ndizo anazozitaka. Springi ya kiwandani ya Altezza yako inakatwa mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa grainda, inapulizwa rangi ya kijani, inabandikwa stika, kisha inauzwa kwa mwenye Altezza mwingine anayekuja nyuma yako. Nawe ukigundua umepigwa, huna cha kurudishia. Gari haiwezi kusimama bila springi, kwa hiyo unaendelea kuiendesha hivyohivyo huku unatafuta hela ya kuanza upya. Hapo yeye ameshakublock.

Nayasema haya kwa sababu dogo mmoja jirani yangu hapa Tabata alifungiwa seti ya namna hiyo kwa 680,000. Gereji aliyopelekwa ilikuwa ya uchochoroni, maelekezo yakitumwa dakika za mwisho, na wakati wa kufunga akaambiwa akanywe chai kwanza maana "fundi hapendi kusimamiwa". (Fundi asiyependa kusimamiwa kwenye kazi ya miguu ya gari, mkuu, ondoka na gari yako.) Siku za kwanza alifurahi, gari imelala vizuri, picha zikapigwa. Baadaye ikaanza kugonga kila akishuka tuta, pua ikawa inadunda barabara nzima, na tairi za mbele zikaanza kulika upande wa ndani.

Tulipoipandisha jeki kwa fundi wangu, tairi ilipoacha ardhi tu, springi ya mbele ikalegea kwenye kikombe chake, yaani pale inapokalia. Unaishika kwa mkono, inazunguka. Tukazitoa. Ncha moja ilikuwa imekatwa wima, na chuma kimebadilika rangi kuwa bluu pale moto wa grainda ulipopita. Fundi akakwangua rangi ya kijani kwa bisibisi, chini yake zikatokea zile alama za rangi ambazo Toyota huzipaka kwenye springi zake kiwandani ili kuzitofautisha. Hapo hapakubaki ubishi. Shokapu nazo zilikuwa za zamani zilizofutwa mafuta na kupulizwa nyeusi. Mbili zilikuwa zimeanza kuvuja tena.

Wapo watakaosema kukata springi ni jambo la kawaida, mbona mtaani watu wanakata na wanatembea. Kweli wanatembea. Ila anayekata za kwake anajua amekata. Mteja wa huyu jamaa ananunua akiamini ana kitu cha kiwandani, na ataendesha kwa imani hiyohiyo. Springi ikikatwa inakuwa ngumu kidogo, lakini si kiasi cha kufidia nafasi iliyopungua, kwa hiyo shokapu inafika mwisho na kugonga kile kimpira chake kila mara. Hiyo ndiyo pua kudunda. Na kwa sababu sasa ni fupi mno, tairi ikining'inia kwenye shimo springi inaachia kikombe, na ikirudi si lazima irudi palepale. Hilo likitokea kwa mwendo wa Morogoro Road huku lori liko ubavuni, usiniulize. Iliyokatwa kwa gesi ni mbaya zaidi, maana moto unaharibu ugumu wa chuma eneo lote lililo karibu na mkato, na chuma cha namna hiyo huweza kuvunjika bila kukuaga. Springi halisi ya kushushia imesukwa fupi tangu mwanzo, na ngumu kwa kadiri inayolingana na ufupi wake. Ukipandisha jeki inabaki imebanwa.

Kwa hiyo ukienda kununua, iwe kwake au kwa mwingine, angalia ncha za springi kabla ya rangi. Rangi kila mtu anayo. Ncha ya kiwandani ina umbo linaloingia kwenye kikombe, na rangi yake imefunika sawasawa hadi mwisho. Namba ya bidhaa iwepo na isomeke, kisha iingize mtandaoni uone kama ni ya gari yako kweli, maana Altezza na Mark X hazivai springi moja. Pima ya kulia na ya kushoto zikiwa chini: za mbele zilingane, za nyuma zilingane. Mtu anayekata kwa grainda mara nyingi anakosea hata urefu. Shokapu ibonyeze kwa mkono taratibu. Ikishuka laini kama haina kitu ndani, imekufa, hata kama inang'aa. Kwa koilova (springi na shokapu za pamoja zinazorekebishika urefu) za mtumba, jaribu kuzungusha zile ringi za kupandishia na kushushia. Zikiwa zimeganda kwa kutu, umenunua chuma kisichoshuka wala kupanda, na hewa ya bahari ya hapa haitazilegeza.

Tena msidanganyike na kigezo cha nchi. Tein ni kampuni ya Yokohama tangu 1985, lakini ina kiwanda China pia, kwa hiyo kuona limeandikwa China si ushahidi wa ubandia, kama ambavyo neno Japani kwenye stika si ushahidi wa chochote.

Mimi si mtu wa kuwaambia watu waache kushusha. Natembelea gari ya chini kwa miaka sasa na sijutii, ingawa matuta ya mitaa yetu hayana kipimo, kila mtaa unajenga lake kwa zege lililobaki. Unayapita mshazari, mwendo wa konokono, bodaboda wanakupigia honi. Masika unajua Jangwani si njia yako. Rasta za barabara kuu unazisikia hadi kwenye meno. Yote hayo yanavumilika kama vyuma vya chini ni vizima na gari imepigwa alaimenti (kunyoosha mkao wa tairi) baada ya kushushwa. Kushusha kunabadili mlalo wa tairi, kwa hiyo fundi anayekufungia bila kutaja alaimenti ameshakueleza yeye ni fundi gani. Ukishuka kama sentimita 3 hivi unaweza kuishi Dar. Ukitaka zaidi ya hapo ni wewe na sampu yako, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kuhusu malipo, huyu jamaa anakuomba "advansi ya kushikia mzigo" kwa simu, na jina linalotokea kwenye muamala silo la duka analojitangaza. Wa mikoani ndio wanaoumia zaidi, wanapokea boksi zito kwa basi na ndani mna shokapu zilizochoka. Lipa ukiwa umeshika mzigo, lipa kwenye lipa namba yenye jina la biashara, dai risiti ya EFD. Duka halisi la Gerezani au Ilala litalalamika kuhusu bei lakini risiti litakupa, na kesho utalikuta palepale.

Ambao mmeshapigwa: msifute mazungumzo ya WhatsApp wala meseji za muamala. Piga picha ncha zilizokatwa na sehemu uliyokwangua rangi, nenda kituo cha polisi uchukue RB. Tangazo lilikuwa la mtandaoni, kwa hiyo taja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usikubali kuambiwa ni madai tu ya mtu na mtu. Kwa kuwa amebandika jina la kampuni kwenye kitu kisicho cha kampuni hiyo, Tume ya Ushindani (FCC) nayo inahusika, maana bidhaa bandia ni kazi yake. Namba aliyokutumia meseji za utapeli iripoti 15040. Hela kurudi ni bahati, ila namba ikifungiwa atahangaika kidogo.

Na kama bado hujafunga lakini umeshaagiza, hata kwa muuzaji unayemwamini: siku ya kufunga nenda na kiroba, weka springi na shokapu zako humo, rudi nazo nyumbani. Hata chini ya kitanda zinakaa.

Dogo bado anatafuta springi za kiwandani za Altezza SXE10, mbele na nyuma. Mwenye nazo ambazo hazijaguswa na grainda aniandikie. Tutakuja na futi na bisibisi ya kukwangulia, asichukulie vibaya.