Huduma rafiki kwa vijana hapa Tanga mjini: nesi safi, mapokezi bado

Nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka 16, kituo kimoja cha afya upande wa Ngamiani, maana kwao Korogwe nesi wa zahanati ni shoga wa mamake, sasa mtoto anaanzaje kwenda pale kuuliza mambo ya mimba?

Nesi wa chumba cha vijana nampa nyota zote. Hakuanza na "mama yako yuko wapi". Mimi akaniomba nisubiri nje, nilipenda sana hilo, akaongea naye taratibu, kipimo cha mimba wakafanya na cha ukimwi pia bila kudai mzazi, si unajua tangu sheria ibadilishwe 2019 wa miaka 15 anapima kwa ridhaa yake mwenyewe. Alafu ndo akamuuliza, nyumbani ungependa nani ajue? Akasema mama, ila shangazi awepo. Jioni tukampigia wifi, mtoto kaongea mwenyewe, mama kalia kidogo wakaelewana.

Nafuatiliaga ya Marekani ndo maana hili limenigusa. Kule majimbo mengi binti hatoi mimba mpaka mzazi ajulishwe au aridhie, akishindwa kumwambia anaenda kuomba kwa jaji, njia iliyotokana na kesi ya Bellotti iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya huko 1979. Illinois wao wakalifuta sharti la kumjulisha mzazi, ikaanza Juni 2022, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ya nchi ikaachia kila jimbo lijiamulie kama kutoa mimba kuruhusiwe, basi wenye majimbo yaliyofunga wakawa wanasafiri kwenda yanayoruhusu. Idaho 2023 wakatunga sheria, mtu mzima akimsafirisha binti akatoe mimba na nia yake ni kuwaficha wazazi, jela miaka 2 mpaka 5, hata kama anakopelekwa inaruhusiwa. Yaani hapo hata shangazi yumo! Huku kwetu kutoa mimba ni kosa isipokuwa kuokoa maisha ya mama, najua sio ishu moja, ila ukimtisha mtu mzima anayeaminiwa na mtoto, mtoto ataenda kwa nani kama sio wale wa vichochoroni?

Mapokezi sasa, hapana. Dada wa dirishani kamuuliza "umekuja kupima nini" foleni nzima inasikia, na mlango wa chumba chenyewe haufungi vizuri. Wekeni hata pazia jamani.

Mkienda semeni tu "chumba cha vijana", msijieleze dirishani.