Unga wa asidi ya oksaliki kwa baiskeli ya zamani: kutu inatoka, rangi inabaki

Kwa fremu ya chuma yenye rangi nzito ya kiwandani, nyeusi au kijani iliyokolea, sijaona kitu kinachoushinda unga huu. Unayeyusha kutu bila kuigusa rangi iliyoshika vizuri. Nasema iliyoshika, maana rangi iliyokwisha kuinuliwa na kutu kwa chini itabanduka tu. Kilichokuwa kikiishikilia ni kutu yenyewe, na anayeilaumu asidi kwa hilo anaionea.

Natumia gramu 20 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, kwenye beseni la plastiki. Tanguliza maji, ndipo umimine unga, ukiwa na glavu, miwani na barakoa: vumbi lake linawasha koo, na ukiumeza unadhuru figo. Maji ya mvua ni bora. Kwenye maji magumu chokaa hushikana na asidi, ukabaki na ukungu mweupe na dawa iliyopungua nguvu.

Fungua vyote kwanza, gololi na kotapini (pini zinazobana mikono ya pedali) zikiwemo, kisha osha fremu kwa sabuni mpaka grisi iishe, kwa sababu asidi haipenyi mafuta. Aluminiamu na spoku za zinki zisiingie kabisa, zitaliwa. Usukani wa kromu huvumilia.

Pa kuogopa ni rangi angavu zinazopitisha mwanga, zile zilizopigwa juu ya tabaka la rangi ya fedha. Hizo zinaweza kupauka. Weka pamba iliyolowa dawa kwa saa kadhaa upande wa chini, pale inapopita ekseli ya pedali. Pamba ikichukua rangi, achana na mpango huo.

Stika za zamani nazo huinuka kingo zikikaa majini. Fremu yenye stika au mistari ya dhahabu siiloweki. Nakata vipande vyembamba vya kitambaa, navilowesha, navilaza juu ya kutu peke yake nikiacha sentimita mbili kabla ya stika, halafu nafunika kwa plastiki visikauke. Kila baada ya saa mbili nainua pembe na kuchungulia. Kitambaa kikiwa cha njano ya kijani, dawa inafanya kazi. Kikigeuka kahawia, kimeshiba, weka kingine.

Fremu isiyo na stika huloweka saa 12 hadi 24. Ukizidisha, utando wa njano hung'ang'ania chuma. Unatoka kwa dawa mpya na brashi laini ya nailoni. Msasa hapana.

Ukishatoa, suuza, pitisha maji yenye vijiko viwili vya bikaboneti ya soda kwa lita, suuza tena. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwani chuma kilicho uchi huota kutu mpya ndani ya dakika chache. Kausha kwa draya ya nywele papo hapo, na uipindue fremu ili maji ya ndani ya mabomba yatokee kwenye tundu la siti. Ndani zungusha mafuta kidogo. Nje paka nta isiyo na chembe. Polishi ya kusugulia hufuta mistari ya dhahabu upesi mno.

Nyota nne kati ya tano. Pakiti nyingi huuzwa kama dawa ya kung'arisha mbao, na maelekezo hayagusii aluminiamu wala stika. Dawa iliyobaki itunze gizani, mwanga huivunja.