Chati ya ukoo wa Malkia Victoria ya kutundika ukutani, nimekaa nayo miezi mitatu sasa

Nimeiagiza mtandaoni, ikafika posta imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, haijapinda hata pembe. Saizi ni A1, ukiilaza inakaribia upana wa mlango, na karatasi yake nzito, haing'ai, taa haikusumbui ukiwa unasoma. Nikaipeleka kwa fundi fremu Kariakoo siku ileile.

Juu kabisa wako Victoria na Albert, ndoa 1840, chini yao watoto tisa kila mmoja na rangi yake, halafu wajukuu 42. Hizi rangi ndio uzuri wake wote jamani, maana unaweka kidole kwenye bluu ya binti mkubwa aliyeolewa Prussia, unashuka hatua moja tu unamkuta Kaiser Wilhelm wa Pili, yuleyule wa enzi za Mjerumani huku kwetu. Kijani ya Alice inakupeleka kwa Alix aliyeolewa na Nicholas wa Pili, tsar, yaani mfalme, wa mwisho wa Urusi. Nyekundu ya Edward wa Saba inashuka kwa George wa Tano, mfalme wa Uingereza. Wilhelm, Alix na George bibi yao mmoja, Nicholas ni mkwe.

Na tarehe zipo, zimenisaidia kwa ile hadithi tuliyosimuliwa wengi kwamba Victoria alimzawadia mjukuu wake Kilimanjaro ndio maana mpaka umepinda pale. Wilhelm kawa Kaiser 1888, wakati Waingereza na Wajerumani walishakubaliana kugawana upande huo 1886, kwa hiyo hakuna cha zawadi.

Sasa malalamiko. Pembeni kuna kisanduku cha kueleza nani ni nani kwa nani, na hapo wameniangusha, kwa sababu ni cha Kiingereza, na Kiingereza mjomba na baba mdogo wote ni "uncle", shangazi na mama mdogo wote ni "aunt". Bibi yangu hasomi Kiingereza, alivuta kiti akakaa mbele ya fremu akaniuliza, "Huyu Kaiser anamwitaje huyu Edward?" Nikamwambia anamwita mjomba, mama yake Kaiser ni dada wa Edward tumbo moja. "Na George ni mtoto wa Edward?" Ndiyo bibi. "Kwa hiyo huyo ni mtoto wa mjomba wake, na ndio waliopigana?" Akakaa kimya muda mrefu sana. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo vita ile ya 1914, na Kariakoo yenyewe ilikotengenezwa hii fremu jina lake limetoka kwa hao wapagazi. Tangu siku ile nimeandika kwa penseli pembeni ya majina, mjomba, shangazi, mama mdogo, na chati imeanza kueleweka kwa kila anayeingia nyumbani.

Hilo la mama mdogo ndio kosa kubwa zaidi. George na Nicholas walifanana mno sura, ukiona picha zao utadhani mapacha, na sababu ni kwamba mama zao ni ndugu, Alexandra na Dagmar, mabinti wa mfalme Christian wa Tisa wa Denmark. Ila kwenye chati Dagmar kaandikwa Maria Feodorovna tu, jina alilopewa alipoolewa Urusi, hakuna mstari wala alama ya kukuonyesha ni dada wa Alexandra, yaani usipojua kabla hutajua kamwe. Wanawake wa ukoo huu wanabadilishwa majina halafu wanapotea!

Hivyohivyo kwenye ule ugonjwa wa damu kutoganda. Wamewawekea kidoa chekundu Leopold mtoto wa Victoria, aliyefariki 1884 akiwa na miaka 30, na Alexei mtoto wa tsar, na wale wana wawili wa mfalme wa Hispania. Sawa, lakini Alice na Beatrice, mabinti wa Victoria, hawana alama yoyote wakati wao ndio walioubeba bila kuugua wakawapa mabinti zao, mmoja akaolewa Urusi mwingine Hispania. Ungepita njia gani nyingine kufika huko?

Herufi za mistari ya chini ni ndogo, mie natumia tochi ya simu. Ila huko chini ndiko kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote, 1947, nyekundu na kijani zinakutana kwenye ndoa ya Elizabeth na Philip. Hesabu mwenyewe: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Wote wawili ni vilembwe wa Victoria, Elizabeth kwa Edward, Philip kwa Alice.

Nyota nne kati ya tano. Kama unafundisha historia au una watoto wanaouliza maswali, nunua, na uwe na penseli. Wauzaji nimewaandikia kuhusu Dagmar na wale kina mama wawili, wamenijibu kwa adabu kwamba watalitazama wakichapa tena. Bibi naye ameomba niishushe fremu kidogo, alione jina la Alice akiwa amekaa.